Meja Powell na Mto wa Jangwani

Miongoni mwa wataalamu waliojitolea kuichunguza mito ya jangwani, kuisafiria kwa mashua na kuiandikia, John Wesley Powell ana nafasi ya pekee, kwa kuwa alizifanya kazi zote tatu na alizifanya kwa mkono mmoja. Alizaliwa tarehe 24 Machi 1834 katika kijiji cha Mount Morris, jimbo la New York, Marekani. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Uingereza. Babake, Joseph Powell, alikuwa mhubiri wa Kimethodisti aliyeukemea utumwa hadharani, na msimamo huo uliiponza familia. Walipohamia Jackson, Ohio, mtoto alirushiwa mawe na wenzake, ikabidi atolewe shuleni na kukabidhiwa jirani mmoja, George Crookham, mkulima aliyependa sayansi. Kwake ndiko alikojifunza kukusanya mawe na mimea na kuipa majina. Baadaye alipitia vyuo vya Illinois, Wheaton na Oberlin bila kuhitimu popote. Elimu iliyomkaa zaidi ni ile aliyoipata majini: mwaka 1856 aliteremka mto Mississippi kwa mashua, na mwaka uliofuata mto Ohio.

Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vilipozuka mwaka 1861 alijiunga na jeshi la Muungano, na mwaka huohuo akamwoa binamu yake, Emma Dean. Tarehe 6 Aprili 1862, katika mapigano ya Shiloh, aliinua mkono wa kulia kuwaashiria wapiga mizinga wake, risasi ikauvunja. Ulikatwa chini ya kiwiko. Maumivu ya kigutu hicho hayakumwacha maishani, lakini alirejea vitani na kutoka akiwa na cheo cha meja, jina ambalo watu waliendelea kumwita hadi kufa kwake. Baada ya vita alifundisha jiolojia katika Chuo Kikuu cha Illinois Wesleyan.

Mto uliomjengea jina ni Colorado. Ikumbukwe kwamba mto wa jangwani si sawa na mto wa nchi ya mvua. Nchi unamopita haiuongezei maji ila kidogo. Uhai wake hutoka mbali, kwenye theluji ya milima ya Rocky, ambayo ikiyeyuka mto hufura na kuwa mwekundu kwa matope, kisha hunywea. Kwa mamilioni ya miaka Colorado na vijito vyake vimeikata miamba hadi kufanya makorongo ambayo mahali pengine kina chake hupita kilomita moja na nusu. Mwaka 1869 sehemu kubwa ya njia hiyo ilikuwa bado pengo tupu katika ramani za serikali, ingawa wenyeji, Wapaiute na Wahopi miongoni mwao, walizijua kingo zake tangu kale.

Powell aliondoka Green River, Wyoming, tarehe 24 Mei 1869. Walikuwa wanaume kumi ndani ya mashua nne, na chakula kilichokadiriwa kutosha miezi kumi. Aliyekuwa mwanasayansi ni yeye peke yake. Waliosalia walikuwa wawindaji na askari wa zamani, akiwemo ndugu yake Walter. Hawakuwa na uzoefu wa maji makali. Tarehe 9 Juni mashua iitwayo No Name ilipasuliwa na miamba, ikapotea pamoja na sehemu kubwa ya chakula na mavazi. Siku iliyofuata walikwenda kwa mashua hadi kwenye kipande cha mabaki yake, wakarudi na vipimahewa, ambavyo Powell alivihitaji ili kupima miinuko ya nchi, na pipa dogo la wiski ambalo mkuu wao hakujua kwamba lilikuwemo. Shangwe za wasafiri ziliipendelea zawadi ya pili.

Kazi ya kila siku ilikuwa ya kuchosha kuliko kutisha. Mahali pa maporomoko makali mashua zilishushwa kwa kamba, mizigo ikabebwa mabegani juu ya mawe. Walipopumzika, Powell alipanda magenge kupima na kuchunguza matabaka ya miamba. Siku moja alikwama akining'inia kwa mkono wake wa pekee, asiweze kupanda wala kushuka. George Bradley, aliyekuwa juu yake, hakuwa na kamba. Alivua suruali yake ya ndani, akamtelemshia, naye akaiachilia miamba na kuidaka.

Kufikia mwishoni mwa Agosti, wakiwa ndani ya Grand Canyon, walibakiwa na unga ulioota ukungu, matofaa makavu kidogo na kahawa. Tarehe 28 Agosti walisimama mbele ya maporomoko yaliyoonekana kuwa mauti. Oramel Howland, mdogo wake Seneca na William Dunn walikataa kuendelea. Hawakuagana kwa ugomvi. Waligawiwa bunduki na nakala ya kumbukumbu za safari, wakapanda korongo kuelekea vijiji vya Wamormoni. Wale sita waliosalia waliyavuka maporomoko salama, na siku mbili baadaye walikutana na watu wakivua samaki penye makutano na mto Virgin. Wale watatu hawakuonekana tena. Mwaka 1870 Powell alikwenda kwa Wapaiute wa Shivwits, akaambiwa kupitia mkalimani kwamba waliwaua kwa kuwadhania wahalifu. Wako wanahistoria wanaolitilia shaka simulizi hilo na kuwashuku walowezi.

Alirudi mtoni mwaka 1871 na kundi jingine lenye wapimaji na mpiga picha, akiwa ameketi juu ya kiti kilichofungwa kwenye mashua, na safari hiyo ikakomea Kanab Creek mwaka 1872. Hapa ndipo mwandishi Powell anapoanza kumsumbua msomaji wake. Ripoti aliyoitoa mwaka 1875, ambayo ndiyo kazi yake isomwayo zaidi, imesimuliwa kwa mtindo wa shajara ya mwaka 1869, siku baada ya siku. Kwa kweli karatasi alizoziandika mtoni kwa mkono wa kushoto zilikuwa na maelezo mafupi tu, na simulizi lenyewe alilitunga baadaye. Baadhi ya matukio ya safari ya pili ameyaingiza katika ya kwanza, na kisa cha suruali ya Bradley amekisogeza mahali na wakati: shajara ya siri ya Bradley mwenyewe, iliyochapishwa katika karne ya 20, hukiweka wiki kadhaa baadaye.

Mtu anaweza kumtetea kwa kusema kwamba msanii ana haki ya kupanga upya. Utetezi huo unatosha kwa habari ya tarehe, haitoshi kwa habari ya watu. Wanaume waliopima na kuchora pamoja naye mwaka 1871 na 1872 hawatajwi kabisa katika simulizi hilo, na jasho lao likahesabiwa la wengine. Ilimbidi Frederick Dellenbaugh, aliyekuwa na umri wa miaka 17 walipoanza safari, kuandika kitabu cha safari hiyo mwaka 1908, naye alimheshimu Meja hadi mwisho.

Mtu huyohuyo, aliyeilegezea kalamu habari ya maisha yake, hakuilegezea ilipofika zamu ya maji. Mwaka 1878 alitoa ripoti kuhusu nchi kame za Marekani. Wakati huo serikali iligawa ardhi ekari 160 kwa kila familia, na wengi waliamini kwamba ardhi ikilimwa mvua itakuja. Powell alionyesha kwamba magharibi mwa longitudo 100 mvua kwa kawaida haifiki milimita 500 kwa mwaka, hivyo kilimo bila umwagiliaji ni bahati nasibu. Alipendekeza mashamba ya ekari 80 penye maji ya kumwagilia na ekari 2,560 kwa wafugaji, haki ya maji ifungamane na ardhi, na wakulima wajipange kwa kufuata mabonde ya mito. Bunge halikuyapitisha.

Kwa wanafunzi wa lugha, upande mwingine wa kazi yake haufai kupuuzwa. Kuanzia 1879 hadi kufa kwake aliongoza Ofisi ya Ethnolojia mjini Washington, aliandaa mwongozo wa kukusanya msamiati wa lugha za Wahindi Wekundu, na mwaka 1891 alichapisha uainishaji wa lugha zilizo kaskazini mwa Mexico katika familia 58. Wapaiute walimwita Kapurats, kwa sababu ya mkono wake. Hata hivyo, aliifuata nadharia ya Lewis Henry Morgan iliyozipanga jamii kwa ngazi kutoka ushenzi hadi ustaarabu, na heshima aliyokuwa nayo kwa lugha za watu hao haikumtoa katika kosa hilo.

Kutoka 1881 aliongoza pia Idara ya Jiolojia. Mwaka 1888 Bunge liliagiza mito na mabwawa yapimwe kwa ajili ya umwagiliaji, na ugawaji wa ardhi ukasimamishwa hadi upimaji uishe. Wanasiasa wa magharibi, wakiongozwa na Seneta William Stewart wa Nevada, walikasirika. Mwaka 1890 ardhi ikafunguliwa na fedha zikakatwa. Mnamo Oktoba 1893 alisimama mbele ya kongamano la umwagiliaji mjini Los Angeles, akaiweka kando hotuba aliyoiandaa na kuwaeleza wajumbe kwamba maji yaliyopo hayatoshi ardhi wanayoitaka, na kwamba wanarundika kesi za kugombania haki za maji. Alizomewa. Mwaka uliofuata akajiuzulu Idara ya Jiolojia.

Alifariki tarehe 23 Septemba 1902 huko Maine, akazikwa katika makaburi ya Arlington. Mwaka 1922 majimbo ya bonde la Colorado yaligawana maji ya mto kwa kutumia takwimu za miaka iliyokuwa na maji mengi kuliko kawaida. Mwaka 1963 bwawa la Glen Canyon lilianza kujaa na kulifunika korongo ambalo msafara wake ulilipa jina, na ziwa lake likaitwa Powell. Mapema mwaka 2023 maji ya ziwa hilo yalikuwa chini ya robo ya ujazo wake.