Bibi Zubeda na Maji ya Njia ya Makka

Bibi Zubeda binti Jaafar alikuwa mjukuu wa Khalifa Abu Jaafar al-Mansur. Jina lake khasa ni Amat al-Aziz. Zubeda, yaani kijipande cha siagi, ni jina la mapenzi alilopewa na babu yake. Mwaka 165 wa Hijra (781–782) aliolewa na binamu yake Harun al-Rashid, ambaye baadaye alishika ukhalifa.

Zama hizo mahujaji wa Iraki walikata jangwa kutoka Kufa hata Makka, mwendo wa kilomita 1,400 hivi, na aliyeishiwa na maji njiani alikuwa amekwisha. Makhalifa waliomtangulia walikwisha jenga vituo. Lakini kwa wingi wa aliyoyaongeza yeye, njia ikaitwa Darb Zubeda.

Mabonde ya huko hukaa makavu, kisha mvua ikinya hushuka mafuriko ya muda mchache, yakapotea mchangani. Basi waashi walijenga kuta za kuyaongoza maji yaingie kwanza katika birika dogo, tope litue chini, ndipo yamiminike katika birika kubwa, la mviringo au la pembe nne, lililopakwa chokaa lisivuje. Lilikuwa na ngazi, ili mtu ateke hata maji yakipungua. Asidhani msomaji kuwa ni kama birika la kutawadhia msikitini: haya yalinywesha misafara mizima na ngamia wake, na mengine hata leo hujaa mvua inyeshapo.

Makka kwenyewe dhiki ilizidi. Imesimuliwa kuwa kiriba kimoja cha maji kilifika dinari nzima. Bibi akanunua shamba la Hunayn lenye chemchemi, akaamuru majabali yapasuliwe mfereji upite. Msimamizi alipotaja ukubwa wa gharama, inasemekana aliambiwa aendelee, ijapokuwa kila pigo la sururu ni dinari. Mfereji ukafunikwa, jua lisiyakaushe maji wala lisiyatie moto.

Harun akafa mwaka 193 (809), na mwaka 198 (813) mwanawe Bibi, Khalifa al-Amin, akauawa katika vita na ndugu yake wa baba, al-Maamun. Hakuna msiba mzito kwa mama kama huo. Mwaka 210 (825), al-Maamun alipomwoa Burani, bibi arusi aliomba Bibi Zubeda aruhusiwe kwenda kuhiji, naye akaruhusiwa.

Alifariki Baghdad mwaka 216 (831), Mwenyezi Mungu amrehemu.