Lucy Wills, daktari aliyeitafuta hatari ya mimba kwenye damu

Mama mjamzito anapohudhuria kliniki kwa mara ya kwanza, hutolewa damu kidogo ili kupimwa wingi wake. Ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita, anahesabiwa kuwa na upungufu wa damu. Kipimo hicho huonyesha mapema nani yuko kwenye hatari zaidi ya kujifungua kabla ya wakati, kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo, au kuzidiwa akitokwa na damu nyingi. Kisha hupewa vidonge vya kuongeza damu. Pamoja na madini ya chuma, vidonge hivyo vina asidi ya foliki, na leo tunamtazama mwanamke aliyefungua njia ya kugunduliwa kwake.

Lucy Wills alizaliwa Mei 10, 1888 karibu na Birmingham, Uingereza. Hakuanza na udaktari. Cambridge alisoma mimea na miamba. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta Afrika Kusini, akafanya kazi ya uuguzi Cape Town, kisha akarudi London kusomea udaktari katika chuo cha wanawake. Alihitimu mwaka 1920 na kuchagua maabara.

Mwaka 1928 alikwenda India. Bombay, wajawazito waliofanya kazi kwenye viwanda vya nguo walikuwa wakiishiwa damu kwa namna ya kutisha, na wengine wakifa. Chini ya darubini, chembe zao nyekundu zilikuwa chache lakini kubwa kupita kawaida. Wills alitafuta vijidudu, hakupata. Ndipo akageukia sahani. Aliandika walichokula matajiri na maskini, akaona ugonjwa unawaandama zaidi wale waliokosa matunda, mboga na vyakula vyenye protini.

Aliwalisha panya chakula kama cha wanawake wale. Panya wakaishiwa damu, lakini baadaye ikabainika kuwa chawa nao walikuwa wamewaambukiza ugonjwa, kwa hiyo jibu likachafuka. Mtafiti mwingine angekata tamaa. Yeye akahamia kwa nyani, na akajaribu Marmite, ile rojo nyeusi ya chachu ambayo Waingereza hupaka kwenye mkate. Nyani wakapata nafuu, na wajawazito waliopewa nao wakapona. Mwaka 1931 alichapisha matokeo hayo. Kwetu sisi, uzito wa jambo uko kwenye bei: dawa iliyosifiwa zama hizo ilitokana na maini na ilikuwa ghali, lakini chachu ilikuwa rahisi kupatikana kwa maskini.

Kitu kilichokuwa ndani ya chachu hakikujulikana, kikaitwa jina lake, kigezo cha Wills. Mwaka 1941 wanasayansi wa Texas, Marekani, walikipata kwenye majani ya spinachi na kukipa jina la foliki, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani.

Wills hakuolewa. Baada ya kustaafu mwaka 1947 aliendelea kusafiri kuchunguza lishe na damu, na miaka yake ya mwisho alikuwa diwani wa Chelsea, London. Alifariki Aprili 1964. Miaka 27 baadaye, utafiti ulioongozwa kutoka Uingereza ulionyesha kuwa mwanamke akianza kumeza asidi ya foliki kabla ya kushika mimba, anapunguza sana uwezekano wa kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi.