Ross Harrison: mtu aliyeonyesha seli njia kwa uzi wa buibui

Kila mkulima wa Nundu anajua hili: maharagwe ya kupanda yasipowekewa miti yanalala chini. Ukiyawekea, yanaifuata mpaka juu. Mmarekani Ross Granville Harrison ndiye alionyesha kwamba seli, vile vipande vidogo sana vinavyojenga mwili, nazo zinafuata kitu zinachoshika.

Alizaliwa tarehe 13 Januari 1870 huko Philadelphia. Alisoma Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, kiisha akapata shahada ya uganga kule Bonn, Ujerumani, mwaka wa 1899.

Wakati ule wataalamu walibishana sana juu ya neva, ule uzi unaopeleka habari toka uti wa mgongo mpaka kidoleni. Wengine walisema unaundwa vipande vipande na seli za njiani. Wengine, kama Ramón y Cajal wa Hispania, walisema unaota kutoka seli moja tu. Lakini nani alikuwa ameuona ukiota? Hakuna.

Mwaka wa 1907 Harrison alikata kipande kidogo cha mtoto wa chura ambaye hajaanguliwa, pale neva zinapotokea. Akakiweka ndani ya tone la maji ya mwili wa chura, maji yanayoganda, akaling'iniza lile tone chini ya kioo na kuliangalia kwa mikroskopi. Seli za njiani hazikuwepo. Kumbe nyuzi za neva zikatoka zenyewe na kurefuka! Tangu hapo watu wakajua kwamba seli zinaweza kukuzwa nje ya mwili.

Akiwa Chuo Kikuu cha Yale, akatandika nyuzi za buibui ndani ya tone. Katika maji matupu seli zilibaki mviringo, hazikutembea. Penye uzi zilitambaa juu yake, zikajinyoosha, zikawa ndefu na nyembamba. Alitangaza matokeo hayo mwaka wa 1914.

Mwaka wa 1917 kamati ilimpendekeza kwa zawadi ya Nobel, lakini vita vilikuwa vikiendelea na zawadi ya uganga haikutolewa. Mwaka wa 1933 wakamfikiria tena, akaikosa tena. Alifariki tarehe 30 Septemba 1959, New Haven, bila kuipata.

Leo maabara zinachora mifereji midogo mno juu ya kioo na plastiki ili kuongoza seli, na watafiti wanatafuta namna ya kuunga neva zilizokatika. Kazi hiyo ilianzia kwenye uzi wa buibui, ule tunaoufagia kila asubuhi pembeni ya nyumba.