*TAFAKARI YA RAMADHANI: Cheti cha kwanza si mwisho wa safari*



Umemaliza chuo, ada imelipwa kwa pamba ya mzee, lakini fani yenyewe haijakukaa moyoni. Unaona aibu hata kusema nyumbani.

Leo mtazame Sheikh Abdullah Saleh Farsy. Alizaliwa Unguja mwaka 1912, akasomea ualimu, na tangu 1933 akafundisha shule. Angeweza kuishia hapo. Lakini hakuacha kukaa mbele ya masheikh kutafuta elimu ya dini. Mwaka 1960 akawa Kadhi wa Zanzibar, 1968 Kadhi Mkuu wa Kenya. Mwaka 1969, akiwa na miaka 57, tafsiri yake ya Qur'ani kwa Kiswahili ikatoka kamili. Alifariki Oman mwaka 1982.

Unaona? Ualimu wake haukupotea. Fungua tafsiri ile, maelezo yake ni ya mwalimu anayetaka kila mtu aelewe.

Basi pamba ya mzee nayo haijapotea. Usiku huu baada ya tarawehe, swali istikhara. Kesho mtafute hapa Bariadi anayefanya kazi unayoitamani, umuulize alianzaje. Kisha kaa na mzee, umwambie ukweli kwa adabu.

Allah atufungulie kheri. Amin.