Bwana John Evelyn na Moshi wa London

Watu wengi hudhani kwamba kupanda mimea ili kupunguza uchafu wa hewa ni jambo jipya. Sivyo. Bwana John Evelyn alilifikiri zaidi ya miaka 360 iliyopita.

Evelyn alizaliwa Wotton, Uingereza, tarehe 31 Oktoba, 1620. Alikuwa mtu mwenye mali na elimu, apendaye sana bustani. Zamani zile wakazi wa London waliota moto wa makaa ya mawe, nao wapika sabuni, wachoma chokaa na wapika pombe waliyachoma kwa wingi zaidi katikati ya mji. Moshi ule uliharibu nguo na majengo, ukawakohoza watu makanisani, ukaingia hata katika jumba la mfalme.

Mwaka 1661 Evelyn aliandika kitabu kidogo kiitwacho Fumifugium, akampa Mfalme Charles wa Pili. Alishauri mambo mawili. Kwanza, kazi zenye moshi mwingi zihamishwe mbali na mji. Pili, mashamba ya kandokando ya mji yapandwe yasmini, waridi mwitu na mimea mingine yenye harufu nzuri. Mfalme alipendezwa, lakini sheria haikupitishwa. Evelyn alifariki tarehe 27 Februari, 1706, na moshi ukaendelea. Desemba 1952 ukungu wenye moshi uliifunika London siku tano, ukaua maelfu ya watu. Ndipo mwaka 1956 Bunge likapitisha Sheria ya Hewa Safi.

Leo twajua kuwa harufu nzuri haiondoi sumu ya moshi. Lakini ua mnene kati ya barabara na njia ya waendao kwa miguu hukinga sehemu ya moshi wa magari, na majani hunasa vumbi kidogo. Hii ni nafuu kwa watoto wadogo, maana pua zao zi karibu na usawa wa mabomba ya moshi.

Muhula huu sisi wa Kidato cha Nne tuliwasaidia watoto wa darasa la pili, shule ya jirani, kupanda ua kando ya barabara. Mmoja aliniuliza kama mimea itaumaliza moshi wote. Nilimjibu hapana, nikamsimulia habari za Evelyn. Yeye alitanguliza kuuondoa moshi, kisha mimea. Basi na sisi tuwafundishe hivyo: dereva azime gari anaposubiri langoni, takataka zisichomwe ovyo, na ua umwagiliwe maji. Tukipanda ua huku moshi ukizidi, twajidanganya wenyewe.