Luther Burbank: Bingwa wa chavua aliyepuuza daftari

MKULIMA mashuhuri wa Marekani, Luther Burbank, alipofariki Aprili 11, 1926, alikuwa ameuachia ulimwengu zaidi ya aina 800 za mimea. Jinsi alivyozipata nyingi kati ya hizo imebaki kitendawili, kwani hakuziwekea kumbukumbu.

Burbank alizaliwa Machi 7, 1849 katika jimbo la Massachusetts. Hakusoma chuo kikuu. Vitabu vya Charles Darwin ndivyo vilivyomfunza. Akiwa kijana, alipanda mbegu 23 zilizotoka katika tunda moja la mviazi, na mche mmoja ukazaa viazi bora ajabu. Mnamo 1875 aliuza haki za kiazi hicho kwa dola 150 tu, akahamia Santa Rosa, California.

Huko ndiko alikobobea katika kuzalisha mimea chotara. Alikusanya vifuko vya chavua kabla ya maua kuchanua, akavikausha, kisha akaukung'utia unga wake kwenye kioo cha saa. Ua la mti wa pili alilikata sehemu za kiume kwa kisu lisije likajichavusha, halafu akalipaka chavua hiyo kwa ncha ya kidole.

Kukausha kulikuwa na sababu. Chavua hufa upesi penye joto na unyevu, ilhali iliyokauka na kuwekwa penye baridi huweza kulisubiri ua linalochelewa kuchanua.

Mnamo 1905, Taasisi ya Carnegie ilianza kumpa dola 10,000 kila mwaka na kumtuma mtaalamu George Shull aandike mbinu zake. Shull alikuta bustani iliyosheheni mimea, lakini kumbukumbu haba za mmea gani ulichavushwa kwa upi. Baada ya takriban miaka mitano, ufadhili ulikatizwa.

Sheria nayo haikumfaa. Marekani iliruhusu hataza za mimea kisheria mwaka wa 1930, na Burbank akatunukiwa 16 akiwa kaburini. Kiazi cha Russet Burbank, kilichochipuka kutokana na kile cha dola 150, kingali kinategemewa na watengenezaji wa chipsi nchini humo.

Matunda yake yangali sokoni, ila wazalishaji wa mbegu waliomfuata hawakurithi njia ya kuyapata upya. Mali bila daftari, wahenga walinena, huisha bila habari.