Blasio Kigozi, Mwalimu wa Gahini

Kila mwaka majira ya Kwaresima yanapofika hapa Mwika, wanafunzi huniuliza habari za kufunga. Mmoja asema kwamba nyumbani kwao wameacha nyama mpaka Pasaka. Wa pili asema babu yake ameacha mbege kwa siku zote arobaini, lakini tangu aiache amekuwa mkali mno, hata wajukuu wamkimbia. Wa tatu ataka kujua kwa nini mtu aache chakula ambacho Mungu mwenyewe amempa, hali migomba imejaa kihambani. Maswali hayo ni mazuri. Nami nimeona heri niyajibu kwa kuwasimulia maisha ya mtu mmoja, ambaye alikuwa mwalimu wa shule kama mimi.

Blasio Kigozi alikuwa Mganda. Alizaliwa katika nchi ya Buganda karibu na mwaka 1909, wakati Ukristo ulipokuwa umekwisha kuota mizizi huko. Wamisionari wa kwanza wa Kiingereza walifika kwa Mfalme Mutesa mwaka 1877, na katika miaka ya 1885 na 1886 vijana wengi waliuawa kwa ajili ya imani yao, wengine kwa kuchomwa moto. Lakini Blasio alipokuwa mtoto mateso hayo yalikuwa yamegeuka kuwa habari za wazee. Kubatizwa kulikuwa jambo la heshima, wala hakukumgharimu mtu kitu. Wengi walikuwa na jina la Kikristo, na Biblia sandukuni, na mioyo yao i mbali.

Alikuwa na ndugu mkubwa, jina lake Simeoni Nsibambi. Simeoni alipata kutumika katika kikosi cha waganga wakati wa Vita Kuu ya kwanza, kisha akapata kazi ya serikali katika idara ya afya mjini Kampala. Ilikuwa kazi ya mshahara mzuri. Lakini baadaye aliiacha, akawa mtu wa kuhubiri njiani na majumbani mwa watu, bila viatu miguuni. Watu walimstaajabia, na wengine walimcheka. Mwaka 1929 Simeoni alikutana na mganga mmoja Mwingereza, Joe Church, karibu na kanisa kuu la Namirembe. Mganga huyo alikuwa ametoka Rwanda amechoka, roho yake imezimia. Wale wawili wakaketi pamoja na Biblia, wakatafuta humo habari za Roho Mtakatifu, wakaomba. Mwafrika na Mzungu kuketi hivyo kama ndugu halikuwa jambo la kawaida siku zile. Mwaka huohuo Blasio, naye bado kijana sana, alijitoa kwenda Rwanda kufundisha.

Fungueni ramani zenu, mtafute nchi ya Rwanda. Kutoka kwetu Kilimanjaro mtu huelekea machweo ya jua, akavuka nyika, akafika Ziwa Viktoria, akalipita, na ng'ambo yake ataona nchi yenye vilima vingi visivyohesabika. Upande wa mashariki wa nchi hiyo kuna ziwa jembamba na refu liitwalo Muhazi, na juu ya kilima karibu nalo ndipo penye Gahini. Hapo misheni ilikuwa na hospitali, kanisa na shule.

Nchi ile ilikuwa imetoka katika maafa. Mwaka 1928 na 1929 mvua zilikosekana, na njaa kubwa ikaingia, ndiyo ile ambayo Wanyarwanda huiita Rwakayihura. Sehemu za mashariki ziliumia sana. Watu walikufa njiani wakitafuta chakula, na wengine walihama kwenda Uganda wasirudi tena. Wenye njaa walifika Gahini kwa wingi, na huo ndio mzigo uliomchosha yule mganga.

Nawaombeni mlikumbuke jambo hili tutakapofika mbele. Gahini hapakuwa mahali pa watu walioshiba, ambao kwao kukosa chakula ni mchezo. Kila mtu pale alijua njaa ni nini, na wengi walikuwa wamezika ndugu zao kwa ajili yake. Njaa ya namna ile haina utakatifu wowote. Ni adui, na Mkristo apaswa kupigana nayo kwa jembe na kwa kugawana kilichopo.

Blasio alifundisha wavulana, na baadaye akawekwa kuwa mkuu wa shule ya kuwaandaa wainjilisti. Akapewa na daraja ya ushemasi. Alioa, akapata watoto. Ukimtazama kwa nje, hakupungukiwa na kitu: alikuwa na elimu, cheo, nyumba na heshima ya watu. Alifanya kazi kwa bidii sana, wala hakuwa mlevi wala mwivi.

Hata hivyo kazi yake haikuzaa. Wanafunzi walijifunza masomo, wakajibu maswali, wakapata vyeti, wakatumwa vijijini. Na huko vijijini wakawa watu walewale wa zamani. Walifundisha amri wasizozishika. Pale Gahini penyewe palikuwa na manung'uniko: watumishi wa hospitali waliwanung'unikia Wazungu, na Wazungu hawakuwaamini watumishi. Yosiya Kinuka, mkubwa wa wauguzi, alipata kutaka kuiacha kazi kwa uchungu. Akaenda Kampala kwa Simeoni Nsibambi kumweleza mabaya yote ya hospitali. Simeoni alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwonyesha kwamba ugonjwa ulikuwa ndani ya moyo wake yeye Yosiya. Yosiya alirudi amekuwa mtu mwingine, akaanza kuungama. Mwisho wa mwaka 1933, baada ya Krismasi, palikuwa na mkutano wa siku kadha pale Gahini, na watu wengine nao wakaanza kusema wazi dhambi zao.

Blasio aliyaona hayo yote. Akazidi kusumbuka. Mwalimu anielewa hapa, kwa kuwa kila mwalimu amepata kusimama mbele ya darasa akijua kwamba maneno yake yafika masikioni tu. Ni rahisi wakati ule kusema kwamba wanafunzi ni wavivu. Blasio hakusema hivyo. Alianza kujiuliza kama kasoro haikuwa kwake.

Mwaka 1935 akafanya neno ambalo watu wa Gahini hawakulisahau. Akaingia katika nyumba yake ndogo, akajitenga na watu juma zima, akafunga na kuomba. Lugha yetu ina neno moja tu kwa mambo mawili: mtu hufunga mlango, na mtu hufunga chakula. Blasio alifunga vyote viwili.

Labda mwadhani alikwenda kumshurutisha Mungu, kama mtoto anayesusa chakula ili mama yake ampe anachokitaka. Sivyo. Mungu hanunuliwi kwa njaa ya mtu. Katika Biblia Musa alifunga siku arobaini mlimani, Esta akafunga siku tatu kabla ya kumwendea mfalme, na kanisa la Antiokia lilifunga kabla ya kuwatuma Barnaba na Paulo. Bwana Yesu mwenyewe alifunga nyikani. Hao wote walikuwa na jambo kubwa mbele yao, wakataka kulisikia neno la Mungu pasipo kelele nyingine. Tumbo lina kelele. Kazi ina kelele, na sifa za watu zina kelele kupita zote. Mtu aliyeshiba, mwenye shughuli nyingi, asifiwaye na wote, aweza kupitisha miaka kumi asijione alivyo. Mwondolee hayo kwa siku chache, na yale yaliyofichwa chini huanza kuonekana, kama mawe ya mtoni yaonekanavyo wakati wa kiangazi maji yapunguapo.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Blasio. Aliingia akiwa na huzuni kwa ajili ya ubaridi wa kanisa na wa wanafunzi wake. Ndani ya juma lile akauona ubaridi wake mwenyewe.

Sasa angalieni alivyofanya alipotoka. Nadhani hapa ndipo penye kiini cha habari yote, ingawa wengine huharakisha kufika kwenye mahubiri yake. Hakwenda kwanza kanisani. Alianza nyumbani kwake. Alimwendea mkewe na watoto wake, akaungama kwao makosa yake, akaomba msamaha. Fikirini ugumu wa jambo hilo. Katika nchi zetu baba hawaombi watoto msamaha. Hata kosa likiwa lake, watu hunyamaza, na siku hupita. Blasio alikuwa baba, na mkuu wa shule, na shemasi. Kuacha chakula siku saba ni kazi, lakini naamini kuwaendea wale watoto kulikuwa kazi zaidi. Yule babu aliyeacha mbege akawa mkali kwa wajukuu zake alifunga nusu ya kwanza tu.

Baada ya hayo akaenda shuleni. Maneno aliyoyafundisha yalikuwa yaleyale ya zamani, msalaba na toba na msamaha, lakini sasa yaliwachoma watu. Wanafunzi walipiga magoti darasani. Wengine walilia. Waliokuwa wameiba walisema walichoiba, na waliochukiana wakapatana. Watu wakawapa wale walioguswa jina la Abaka, maana yake ni wenye kuwaka, kama moto uwakavyo.

Si wote waliofurahi. Wapo waliosema kwamba hao wamerukwa na akili, na wapo waliochukizwa kwa kuambiwa dhambi zao na vijana. Hata miongoni mwa wakubwa wa kanisa, Waafrika kwa Wazungu, wengi waliogopa kwamba kanisa litapasuka. Hofu yao haikuwa ya bure, kwani baadhi ya wale wenye kuwaka walijisifu, wakawahukumu wenzao kwa ukali usio na upendo.

Mwezi wa Septemba mwaka 1935 Blasio, pamoja na ndugu yake Simeoni, na Yosiya Kinuka, na Joe Church, walikwenda Kabale katika Uganda ya kusini, wakafundisha katika mkutano mkubwa. Huko nako watu walitetemeka kwa toba, na baadaye wakarudisha mali waliyoiba. Blasio alikuwa na neno moja alilolipenda kupita yote, neno la Kiganda Zukuka, yaani amka.

Mwanzoni mwa mwaka 1936 aliitwa aende Namirembe kwenye sinodi, baraza kuu la kanisa la Uganda. Alikuwa ametayarisha mambo matatu ya kuwekwa mbele ya askofu na wazee. La kwanza, ni nini sababu ya ubaridi wa kanisa. La pili, kwamba watu wanaoishi dhambini waziwazi waachwa waje kwenye Meza ya Bwana. La tatu, lifanyike nini ili kanisa lipate uhai tena. Mtu wa miaka ishirini na kitu, shemasi tu, kutoka shule ndogo ya Rwanda, alikuwa akienda kuwauliza wakubwa wake maswali hayo. Hangaliweza kuthubutu kama asingalijiuliza yeye kwanza, mle ndani ya nyumba yake.

Lakini hakusimama mbele ya sinodi. Alishikwa na homa ya papasi. Wazee wenu waijua homa hiyo: papasi hukaa katika nyufa za sakafu za udongo na kuta za nyumba, huuma usiku, na homa huja, ikaondoka, ikarudi. Siku zile haikuwa rahisi kuiponya. Blasio alilazwa hospitali ya Mengo, karibu na Namirembe, na tarehe 25 Januari 1936 akafa. Hakuwa ametimiza miaka thelathini. Tangu siku aliyofungua ule mlango wa nyumba yake Gahini hata siku ya kufa kwake ulikuwa haujapita mwaka.

Maswali yake matatu hayakuzikwa pamoja naye. Askofu Stuart wa Uganda alikuwa akitengeneza mikutano ya kuliamsha kanisa, kwa kuwa mwaka 1937 ilitimia miaka sitini tangu kufika kwa wamisionari wa kwanza, na neno Zukuka likawa mwito wa mikutano hiyo. Mwaka 1937 uamsho ulifika Kabete katika nchi ya Kenya. Mwaka 1939 ulifika Katoke katika Tanganyika, magharibi ya Ziwa Viktoria, kisha ukaenea kwa Wahaya, na katika miaka iliyofuata ukapanda mpaka kwenye sharika zetu za Kilimanjaro. Neno walokole, ambalo ninyi mwalisikia hapa Mwika kana kwamba ni la kwetu, latoka katika Kiganda cha watu wale.

Najua baadhi yenu mtataka kesho kufunga siku saba. Msifanye hivyo. Mwili wa mtoto wakua, nao wahitaji chakula chake, na Blasio alikuwa mtu mzima alipoingia katika nyumba ile. Lakini kama kuna mtu nyumbani ambaye hamjasemezana naye tangu juma lililopita, mlango wake mwaujua.

Pale Gahini wanafunzi walikuwa wakimngojea mwalimu wao arudi kutoka sinodi. Badala yake zikaja habari za kifo chake. Kisha mwaka huohuo wa 1936 akaja mtu mwingine kutoka Uganda, William Nagenda, shemeji ya Simeoni Nsibambi, aliyekuwa karani wa serikali huko Entebbe. Aliiacha kazi yake ya ukarani, akaingia katika shule ile ile, akaanza kufundisha pale Blasio alipoachia.